Ndege Bila Kamba

Vijana wa dawati la habari za nje mnanisumbua niwaandikie kitu kabla sijasahau, kana kwamba kustaafu ni homa inayopanda kichwani. Nimestaafu mwezi uliopita na akili bado ninayo. Nitaandika, ila msitegemee niwaambie nilipandishwa cheo lini na barua alisaini nani. Hayo yako kwenye faili, faili liko kabatini, na ufunguo wa kabati ulipotea tangu enzi za taipureta. Nitawaeleza habari ya neno moja tu, neno "ndege". Lilinifundisha kazi wiki ya kwanza, na nusura linifukuzishe kazi miezi minne kabla ya kuondoka.

Siku ya kwanza nilipanda ngazi za lile jengo letu la Posta nikiwa na kamusi kwapani. Mlango wa lifti ulikuwa na karatasi imeandikwa "Mbovu kwa muda". Muda wenyewe, kama mnavyojua, haujaisha. Chumba cha habari kilikuwa ghorofa ya nne, madirisha yanatazama bandarini, na meli ikipiga honi wote tulikuwa tunanyamaza mpaka imalize, hata mhariri mkuu akiwa katikati ya kugomba.

Nilikabidhiwa kwa Mzee Mapunda, Mngoni wa Songea, mfasiri mkuu wa habari za nje. Alikuwa mtu wa misa ya kwanza kila siku. Akitoka kuomba amani alikuja moja kwa moja kazini kugombana na sisi. Mezani kwake palikuwa na taipureta, mkasi, chupa ya gundi na rula ya mbao aliyoichonga alama kwa wembe. Kamusi yake ilikosa kurasa za herufi M, na hakuona tabu. Maneno ya M, alisema, anayajua.

Habari zilikuja kwa mashine ya teleksi iliyokaa kona ikitapika karatasi mchana kutwa, zote kwa Kiingereza. Kazi yetu ilikuwa kukata, kubandika, kufasiri, kisha kutunga kichwa cha habari kitakachoingia kwenye nafasi iliyobaki. Hapo ndipo rula ilipofanya kazi. Mzee Mapunda alinifundisha kuhesabu herufi: M na W ni moja na nusu, I na L ni nusu, zilizobaki moja moja. Kichwa kikizidi hata nusu herufi, hakiingii, na fundi wa chini aliyepanga kurasa alikuwa anakirudisha na matusi.

Wiki hiyo ya kwanza alinipa habari ya bunge la nchi moja ya ng'ambo lililokuwa likibishana kuhusu kununua ndege za kivita. Waingereza, sijui kwa nini, mwanasiasa anayependa vita humwita mwewe, na asiyependa humwita njiwa. Mimi, binti mwenye kamusi mpya, sikutaka kupunguza kitu. Nikaandika kwa fahari: "Mwewe wawashinda njiwa bungeni, ndege wanunuliwa."

Mzee Mapunda alisoma, akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. Aliniuliza kwa upole katika bunge hilo mna ndege wangapi kwa jumla, na kama spika wao ni bundi. Chumba kizima kilicheka, na mimi nilitamani sakafu ya ghorofa ya nne inimeze, inishushie ya tatu. Walipotulia, alivuta kiti chake karibu na changu.

"Binti, hili neno ni la hatari," alisema. "Linaruka pande mbili. Usiliache peke yake hata siku moja. Lifunge kamba."

Kamba, kwa lugha yake, ni lile neno dogo linalofuata na kukuonyesha unazungumza habari ya nini. Ndege wa, ana manyoya. Ndege za, zina rubani. Ndege wanaruka, angalia mtini. Ndege zinaruka, angalia uwanjani. Aliniandikia hayo nyuma ya karatasi ya teleksi, akaniambia nibandike mbele ya meza. Nilibandika, na kwa miaka mingi sikuachia ndege hata mmoja, wala moja, atoke bila kamba.

Kompyuta zilipokuja, Mzee Mapunda alizikagua siku mbili, akasema mashine isiyoweza kumwagikiwa chai haimfai, akastaafu. Aliniachia rula. Najua mlikuwa mnanicheka nilipopima nayo kioo cha kompyuta, wakati mashine yenyewe inakata vichwa. Mashine inajua kama kichwa kimeingia. Haijui kama kimeingia salama.

Kitu kingine cha kazi nilichokitegemea ni daftari la ahadi, na hili nawaomba msiliache. Uchaguzi wa nchi za watu ndio mavuno ya dawati letu. Kila ahadi ya kampeni niliyofasiri niliiandika humo: nani kasema, lini, kwa maneno gani. Baada ya muda niligundua kwamba ahadi za dunia nzima zikifika kwenye Kiswahili zinafanana, kwa sababu zote zinabebwa na silabi moja, "ta". Tutajenga, tutafuta, tutapunguza. Hiyo "ta" maskini haina likizo. Wakishaingia madarakani inapumzishwa, na vinaanza vitenzi virefu: tunaendelea kuangalia uwezekano wa kutathmini. Hapo mimi nilikuwa nafungua daftari, naweka ahadi na utekelezaji ubavu kwa ubavu, bila kuongeza neno langu. Wasomaji wa Kariakoo walizipenda sana habari hizo. Mtu hufurahi kuona wenzake nao wanapigwa chenga.

Sasa nije kwenye kosa.

Ilikuwa miezi mitano iliyopita. Kuna nchi ya baridi huko mbali iliyokuwa imetoka kwenye uchaguzi. Chama kilichoshinda kilikuwa kimezunguka nchi nzima kikisema kitafuta mpango wa kununua ndege za kivita, fedha ziende hospitali. Wiki ya kwanza madarakani wakausimamisha mpango huo kweli, nami nikaandika. Kisha wakaanza kuangalia uwezekano. Kisha ukaja mkataba ambao kumbe hauvunjiki, na majirani ambao kumbe wana ndege, na viwanda ambavyo kumbe vina wapiga kura. Siku ya Jumanne serikali mpya ikatangaza kwamba ndege zitanunuliwa, zote, kama zilivyoagizwa na wale waliotolewa. Nilifungua daftari nikiwa na furaha isiyo na adabu. Ahadi ilikuwepo, neno kwa neno.

Ukurasa wa ndani nilitoa kichwa kizuri cha mistari miwili, jina la nchi lipo, ndege za kivita zipo, kamba imekaza. Kilichobaki kilikuwa kidokezo cha ukurasa wa kwanza, ule mstari mmoja wa chini unaomwambia msomaji afungue ndani. Saa kumi jioni likaingia tangazo la magodoro. Godoro, kama mnavyojua, hulala popote linapotaka. Msanifu kurasa akaniita akasema, "Mama, nafasi yako imebaki hii," akanionyesha upana wa kidole.

Nikachukua rula. Jina la nchi lilikuwa refu, nikalikata. Nikapima, bado kinazidi. Nikatazama maneno "za kivita", nikajiambia kila mtu anafuatilia habari hii tangu mwanzo, wataelewa. Nikakata. Kikaingia barabara, hakikubaki hata nusu herufi:

"Serikali mpya yaruhusu tena ununuzi wa ndege."

Nilijipongeza. Kitu kibaya kuliko vyote ni kwamba nilijipongeza. Lile "wa" mnaloliona hapo si kamba ya ndege, ni ya ununuzi. Ndege mwenyewe amekaa mwisho wa mstari, mtupu, hajulikani kama ana manyoya au rubani. Nilikwenda nyumbani kulisha kuku wangu nikiwa naimba.

Asubuhi yake redio ikafanya kama inavyofanya kila siku: mtangazaji akapitia magazeti na kusoma vichwa vya kurasa za kwanza. Akasoma cha mpira, akasoma cha maji, akasoma changu, akaweka muziki. Ndani hakufungua.

Na sasa lazima niwaambie kuhusu Mzee Nassor. Ana duka Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, duka la babu yake aliyekuja kutoka Uarabuni. Mimi ni mteja wake, nanunua kwake chakula cha kuku. Lakini chakula cha kuku ni biashara aliyoangukia. Yeye na baba yake walikuwa watu wa ndege hai: kasuku wadogo wa kijani, chiriku, ndege wa kila rangi, waliotegwa kusini na kusafirishwa nje kwa vibali. Serikali ilipopiga marufuku biashara hiyo, alitii siku hiyo hiyo. Matundu aliyaacha yananing'inia darini, matupu, na kila asubuhi aliyafuta vumbi. Ukimuuliza kwa nini hayauzi, alikujibu kwamba zuio ni neno, na neno hubadilika.

Hapa kwetu nako uchaguzi ulikuwa umepita. Wakati wa kampeni, mgombea udiwani mmoja, ambaye mamlaka yake yangeishia kwenye mitaro na takataka, alisimama pale Narung'ombe na kumwahidi Mzee Nassor mbele ya watu kwamba biashara ya ndege itafunguliwa. Aliposhindwa, sisi wote tulisahau. Mzee Nassor hakusahau. Kwa hiyo aliposikia redioni kwamba serikali mpya imeruhusu tena ununuzi wa ndege, alizima redio, akaswali rakaa mbili za shukrani, akampigia simu Hamisi, mtegaji wake wa zamani huko Lindi.

Gazeti hakununua. Nusu ya matatizo ya gazeti husababishwa na watu wasiolinunua.

Mimi hayo sikuyajua mpaka Ijumaa. Karibu na adhuhuri nilisikia mtu anahema ngazini, nikamwona Mzee Nassor, kanzu nyeupe, boksi la halua mkononi. Mzee wa miaka sabini na kitu, ghorofa nne. Nikamwamkia, akaitikia marahaba ndefu yenye furaha, akaniwekea halua mezani mbele ya ile karatasi ya Mzee Mapunda, akasema hiyo ni ya kuwashukuru kwa habari njema. Alichotaka sasa ni kitu kidogo tu: nimwonyeshe tangazo lenyewe la serikali, ajue fomu za vibali zinachukuliwa wapi. Mzigo wa kwanza ulikuwa njiani. Hamisi alikuwa amepanda basi alfajiri na matundu mawili.

Ilinichukua muda kuelewa. Halafu nilielewa kila kitu kwa mpigo mmoja. Nikamfungulia ukurasa wa ndani. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, mpaka mwisho.

"Hizi ni eropleni," alisema.

"Ndiyo, Mzee."

"Za watu wengine."

"Ndiyo, Mzee. Kosa ni langu."

Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alikunja gazeti vizuri kama lilivyokuwa, akauliza kama Hamisi anaweza kufungwa. Nikamwambia anaweza, na yeye Mzee anaweza pia, na leseni ya duka nayo inaweza kuondoka. Tulimpigia Hamisi mara sita. Simu yake ilikuwa imezimwa, na basi lilitarajiwa Mbagala saa tisa.

Nilikwenda kwa Deo, mhariri mkuu. Deo nilimfundisha mimi kuhesabu herufi, na ni kijana mwema, lakini cheo ni cheo. Alisikiliza, akafunga mlango. Alisema ukurasa wa ndani uko sahihi, kwa hiyo kisheria hatuna kosa. Tukichapisha masahihisho tutachekwa mji mzima. Akashusha sauti na kuniita mama, kama anavyoniita akitaka kunikatalia kitu.

"Mama, umebakiza miezi minne. Hujawahi kuandikiwa onyo hata moja. Ukienda huko ukasema kosa ni lako, siwezi kukulinda. Nitalazimika kuandika. Kaa hapa, mama. Mzee atajua namna."

Nawaambia ukweli, nilikaa. Nilirudi mezani, nikakaa labda dakika tano nzima, natazama bandari. Niliipenda sana rekodi yangu safi. Kisha macho yakashuka kwenye karatasi ya Mzee Mapunda, wino umefifia, nikaona aibu kuliko ile ya wiki ya kwanza. Mzee Nassor alikuwa bado amesimama pale ngazini, hajui ashuke au abaki. Nikachukua mkoba, gazeti na rula. Rula sijui niliichukulia nini.

Tulikwenda Mbagala kwa pikapu yake ya kubebea pumba. Njiani Mzee aliniambia kwamba kwa siku mbili alikuwa amelala vizuri. Basi lilifika limechelewa kidogo. Hamisi akashuka, mtu mfupi mchangamfu, akiwa na matundu mawili yaliyofunikwa magunia, na magunia yenyewe yanaimba. Hakuna kitu kinachoimba kwa nguvu kama kitu unachojaribu kukificha. Askari wa usalama barabarani alikuwa hatua ishirini kutoka kwetu, bahati nzuri anagombana na bodaboda. Tukapakia, tukaweka mifuko ya pumba juu, nikamweleza Hamisi yaliyotokea. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, akauliza kama kuna nchi inayofanyia uchaguzi habari ya eropleni.

Mzee Nassor alitaka twende msitu wa Pugu, tuwafungulie, mambo yaishe. Shauri lilikuwa tamu na nililionja. Ni Hamisi aliyelikataa. Alisema hawa ni ndege wa kusini, Pugu hawajui maji yalipo wala chakula, tutakuwa tumewatupa. Na mimi nilikuwa na hesabu yangu nyingine: tukikamatwa njiani, kosa ni la Mzee. Tukijipeleka wenyewe, kosa ni langu. Nikamwambia Mzee ageuze gari tuelekee ofisi ya wanyamapori.

Ofisini alitupokea afisa binti, sare ya kijani, akatuamkia vizuri kabla hajajua tumekuja na nini. Niliweka gazeti mezani, ukurasa wa kwanza na wa ndani, nikasema yote. Nilisema mimi ndiye niliyekata maneno, huyu mzee aliamini neno la gazeti, na amekuja mwenyewe. Matundu yaliletwa ndani. Mzee Nassor alikaa kwenye benchi, mikono magotini. Binti alisoma ule mstari mara mbili, akaita mwenzake, naye akasoma.

"Mama, hii uliandika wewe?"

"Mimi."

"Sisi tuliisikia redioni. Siku mbili hapa tumepigiana simu kuulizana waraka uko wapi."

Wakacheka, na mimi nikacheka, lakini Mzee Nassor hakucheka mpaka aliponiona nimeanza kulia. Hapo akacheka, nadhani kunisaidia. Binti aliandika maelezo kurasa tatu. Mzee alipewa onyo la maandishi, Hamisi akapewa jukumu la kurudi kusini na gari la ofisi kuonyesha ndege walikotegwa, warudishwe mahali pale pale. Kwangu kulikuwa na sharti moja: masahihisho ukurasa wa kwanza, mahali pale pale, herufi zile zile, ili redio isome.

Kwa hiyo ilinibidi nirudi kwa Deo kudai nafasi niliyonyang'anywa na godoro. Alimpigia mtu wa matangazo akamwambia godoro lisogee. Masahihisho niliyatunga mwenyewe: ndege tulizotaja katika toleo la Jumatano si ndege wa nchini wenye mabawa, bali ni ndege za kivita za nchi ya ng'ambo, na kosa ni la mfasiri. Kamba kila mahali. Deo aliandika na barua yangu ya onyo, ya kwanza na ya mwisho, ina kosa la tahajia kwenye mstari wa pili. Sikumwambia. Nakala ninayo, nimeiweka kwenye fremu sebuleni, palipotakiwa kukaa cheti cha utumishi.

Mji ulicheka siku moja, kama Deo alivyosema, kisha ukapata kitu kingine cha kucheka. Mzee Nassor alisikia masahihisho redioni na akanipigia simu asubuhi hiyo hiyo.

"Bi Zuhura, mabawa hata zile zinayo," alisema, na akakata.

Alikuwa sahihi. Miaka yote hiyo kazini, na masahihisho ya kosa yalihitaji masahihisho.

Siku yangu ya mwisho mlinifanyia keki na hotuba, nawashukuru, ingawa hotuba ilikuwa na vichwa vinne na mwili haina. Kutoka pale nilipita Narung'ombe kununua chakula cha kuku, rula ikiwa inatokeza kwenye mkoba. Nilimkuta Mzee Nassor amekaa kizingitini. Matundu ya darini ameyashusha, anayauza kwa wenye kuku wa mayai, amebakiza moja tu ukutani. Ndani yake ameweka redio, na mlango ameufunga kwa waya. Ilikuwa inasema ndani humo, hakuna anayeisikiliza.

Nilimwamkia. Akanipimia pumba, akaongeza kikombe cha juu kama kawaida yake. Nikamwomba radhi tena, sijui mara ya ngapi, akapunga mkono kama anayefukuza nzi. Alisema Hamisi alipiga simu kutoka kusini. Walipofungua matundu, ndege hawakuaga, wakaruka moja kwa moja juu ya mto, na Hamisi akasimama pale mpaka hakuna hata mmoja anayeonekana. Mzee alisimulia hilo akitazama tundu la redio. Nikaelewa kwamba hatayafuta vumbi matundu tena, na kwamba mimi ndiye niliyemfikisha hapo, kwa upana wa kidole. Iliniuma na inaniuma mpaka leo.

Halafu akaniuliza kama wale watu wa nchi ya baridi wameshapata eropleni zao. Nikamwambia wamesaini, zinakuja.

Alitikisa kichwa, akafunga mdomo wa mfuko wangu kwa kamba, kamba ya katani, mafundo mawili.

"Basi ndivyo ilivyo," alisema. "Wao waliahidiwa ndege hazitanunuliwa, zimenunuliwa. Mimi niliahidiwa ndege watanunuliwa, hawajanunuliwa."

Nilichukua mfuko. Kwa mazoea nilianza kuhesabu herufi za maneno yake kwa vidole: W moja na nusu, A moja, O moja. Kichwa kilikuwa kirefu, hakiingii ukurasa wowote ninaoujua. Nikatafuta neno la kukata, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kisha nikarudia tena. Halikuwepo.